Siri ya Baiti 512 Ndani ya Xbox ya Kwanza

Xbox ilipoingia sokoni Marekani Novemba 2001 kwa dola 299, ndani yake mlikuwa na kompyuta ya kawaida tu: prosesa ya Intel Pentium III ya megahezi 733, kumbukumbu ya megabaiti 64 na diski. Microsoft iliiuza kwa hasara, ikitarajia kufidiwa na mauzo ya michezo. Aliyeinunua ili aweke Linux, au acheze nakala za wizi, aliiachia kampuni hasara tupu. Kwa hiyo mashine ilitakiwa ikatae programu isiyoidhinishwa tangu inapowashwa.

Kila programu ya kuwashia ilihakiki inayofuata kabla ya kuiachia kazi. Ile ya kwanza haina wa kuihakiki, ndiyo maana ilifichwa ndani ya chipu ya MCPX iliyoundwa na nVidia. Ilikuwa na baiti 512, haifutiki, na ilijifunga isisomeke mara tu kazi yake ilipokwisha. Ilisimbua programu ya pili, iliyokaa katika chipu ya flashi, kwa ufunguo wa siri wa mbinu ya usimbaji ya RC4, kisha ikatazama kama namba fulani imejitokeza mwishoni.

Flashi ilisomeka bila taabu, na ndani yake mlikutwa msimbo wa kuwashia. Kumbe ulikuwa toleo la zamani lisilotumika. Andrew Huang, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, aliutafuta wa kweli kwingine. Ili prosesa iutekeleze, msimbo uliofichwa ulilazimika kupita kwenye nyaya za ubao mama, tena bila kusimbwa. Kinga pekee hapo ilikuwa kasi. Huang aliunda kibao cha kunasa mawimbi ya nyaya hizo, na mapema 2002 alikuwa na msimbo wote pamoja na ufunguo.

Ufunguo wa RC4 husimba na kusimbua vilevile, hivyo aliyeupata aliweza kuandaa programu yake mwenyewe na mashine ikaipokea. Microsoft ilibadili chipu na kuweka uhakiki uliotegemea mbinu nyingine ya usimbaji, TEA. Uamuzi huo hauteteeki: wanataaluma walikuwa wamekwisha kuchapisha, miaka kadhaa nyuma, kwamba TEA haifai kazi hiyo, kwa kuwa ukigeuza biti mbili maalumu matokeo hubaki yaleyale. Toleo hilo nalo likavunjwa.

Katika Xbox 360 ya 2005, msimbo wa kwanza ulihamishiwa ndani ya prosesa yenyewe, na fyuzi zinazochomwa moja kwa moja zikazuia kurudi kwenye matoleo ya zamani. Hata hivyo, mwaka 2011 wadukuzi walituma mpigo mfupi kwenye waya wa kuwasha upya, katikati ya uhakiki, na prosesa ikaona programu ngeni kuwa halali.

Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Nintendo Switch. Kasoro iligunduliwa katika msimbo wa kuwashia wa chipu ya Tegra X1, ikifikiwa kwa njia ya USB. Msimbo huo huchongwa kiwandani na haubadiliki, kwa hiyo Nintendo iliweza kurekebisha mashine mpya tu. Mamilioni ya mashine zilizokwisha kuuzwa zimebaki na kasoro hiyo.