Neno tulilolisahau na homa iliyorudi Lamu

Katikati ya mwaka 2004 shangazi yangu alinipigia simu kutoka Lamu. "Mwanangu," akasema, "hii si malaria. Malaria naijua. Hii imenikunja." Mimi, profesa mzima, nikamwambia ameze dawa na alale ndani ya chandarua. Jibu hilo linanisuta hadi leo.

Shangazi ndiye aliyekuwa sahihi. Maabara zilibainisha kuwa homa ile ilikuwa chikungunya. Damu ya wakazi iliyopimwa kisiwani mwezi Oktoba mwaka huo ilionyesha kuwa takriban asilimia 75 walikuwa wameambukizwa, yaani, kwa makadirio, watu 13,500. Baada ya Lamu ikaja zamu ya Mombasa, kisha Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Chikungunya ni neno la Kimakonde linalotokana na kitenzi chenye maana ya kukunjamana. Madaktari walilichukua kwa wenyeji wakati wa mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Shangazi hakujua Kimakonde hata chembe, ila mwili wake ulimpa kitenzi kilekile.

Na Kiswahili je, hakikuwa na neno? Kilikuwa nalo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika kwamba homa ya viungo ilipoingia kisiwani mwaka 1870, wenyeji waliitambua na kuiita kidingapopo. Wazee walikumbuka homa ya jina hilohilo iliyopita mnamo 1823. Kamusi zetu hulifasiri neno hili kuwa homa ya dengue, lakini baadhi ya wanahistoria wa tiba, wakizingatia maumivu ya viungo yaliyodumu kwa muda mrefu, wanaamini kuwa homa hizo za kale zilikuwa chikungunya.

Tazama basi. Mwaka 1870, bila maabara, watu walilitambua gonjwa lililokuwa limepotea kwa karibu miaka 50, kwa sababu ulimi ulikuwa umelihifadhi. Mwaka 2004 mimi niliyesomea lugha nilikuwa na neno moja tu la homa: malaria. Na jina likikosewa, kinga nayo hukosewa. Mbu wa chikungunya, aina ya Aedes, huuma mchana. Chandarua nilichomwagizia shangazi kilikuwa cha mbu mwingine kabisa.

Mbu huyo hupenda maji yaliyotulia majumbani. Mwaka ule kulikuwa na ukame, na watafiti waliochunguza mlipuko ule waliutaja: maji yakiwa adimu, watu huyaweka siku nyingi bila kuyabadilisha. Nani angemwaga maji wakati wa kiangazi?

Hapo ndipo ninapolikumbuka birika la chooni katika nyumba ya mawe ya bibi yangu. Ndani yake mliishi samaki wadogo, na chini palijengewa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Sisi watoto tulikanywa tusiwachote kwa kata. "Hao ndio walinzi," bibi alikuwa akisema. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Mapipa ya plastiki yaliyojaa kwa shangazi hayakuwa na samaki, wala vifuniko.

Sisemi samaki wale wangeuzuia mlipuko wote. Nasema kwamba waliojenga birika walijua maji yaliyowekwa ndani ya nyumba yanahitaji mlinzi, na maarifa hayo hayakuhama pamoja na maji yalipohamia kwenye mapipa. Kufunika pipa na kulisugua kuta zake kila wiki, maana mayai ya mbu hao hunata hapo, ni kazi ileile ya samaki wa bibi.

Maandalizi dhidi ya maradhi si dawa na maabara peke yake, ingawa hizo hazina mbadala. Wahudumu wa afya wa nyanjani wanapozunguka mitaani, waulize wazee homa ile waliiitaje na ilishika wapi mwilini, kisha wayaandike majibu kama yalivyosemwa.

Shangazi alipona, ila kwa miezi kadhaa alishuka ngazi kwa mkongojo. Nilipomwomba radhi alicheka: "Mwanangu, si nilikwambia?"

Alikuwa ameniambia, tena kwa Kiswahili fasaha.