Besi Inayosafiri Peke Yake

Miaka ya 1970 na 1980, bendi ya dansi iliyotaka nyimbo zake zisikike nchi nzima ilikwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Wanamuziki waliingia studio kwa pamoja, wakapiga kwa pamoja, na kanda ikanasa yote. Miksi ilikuwa imekwisha wimbo ulipokwisha. Suleiman Mwanyiro, waliyemwita "Computer", alipopiga besi na Mlimani Park, vidole vyake ndivyo vilivyopima nguvu ya kila noti mbele ya ngoma na magitaa ya wenzake. Kanda ya namna ile haina besi iliyokaa peke yake, ambayo mtu angeweza kuipunguza kesho yake.

Kwingineko besi ilishaanza kutengwa. Mwaka 1957, Les Paul wa Marekani alipokea mtambo wa Ampex wenye traki 8, kila ala ikapata njia yake. Mwaka 1967, The Beatles walipotengeneza Sgt. Pepper, mafundi waliunganisha besi ya Paul McCartney moja kwa moja na mtambo, bila spika wala kipaza sauti. Sauti ikawa safi, lakini chumba kikatoweka.

Kwetu utengano huo ulikuja na kompyuta. Studio za Dar es Salaam za miaka ya 1990 zilipoanza kutengeneza Bongo Fleva, besi nyingi zilipigwa kwa kinanda. Mpiga gitaa la besi alibaki kwenye dansi na kwenye kwaya za makanisa. Huku Kibondo na Kasulu, kwaya ndiyo iliyomtunza.

Leo kijana wa kwaya anaweza kurekodi besi Kibondo na wimbo ukachanganywa Mwanza au Dar es Salaam, na mtu asiyemjua. Hapo kuandaa faili ndiyo kazi yenyewe. Traki ianze sekunde ya sifuri hata kama besi inaingia ubeti wa pili, la sivyo itapishana na ngoma. Kilele cha sauti kibaki chini kidogo ya mwisho wa kipimo, maana sauti iliyopasuka hairudi. Madoido yaondolewe, anayeyapenda atume nakala mbili, moja kavu na moja yenye madoido. Jina la faili litaje wimbo, ala na mwendo wa mapigo.

Kisha kuna umeme. Mngurumo wa umeme wetu ni mitetemo 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini kwenye besi ni 49. Waya mbovu basi huimba karibu kabisa na noti ya mpigaji, na anayechanganya akiukata mngurumo, anaikata na noti. Kwa miaka mingi wilaya hizi ziliendeshwa na jenereta za dizeli. Gridi ya taifa imepunguza kelele za jenereta, lakini waya mbovu bado ni waya mbovu. Dawa ni kuusikiliza ukimya kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Mwisho ni bando. Besi ya dakika 5 katika WAV ya biti 24 na kilohezi 48, traki moja, ni takriban megabaiti 43. MP3 ya kawaida haifiki 5. Kishawishi kinaeleweka, lakini MP3 imeshatupa sehemu ya sauti, na fundi hawezi kuirudisha.

Mwanyiro hakuhitaji kujua haya yote. Alikuwepo chumbani, sauti yake ilijitetea yenyewe. Besi ya Kibondo inafika mezani kwa mgeni bila mwenyewe, na mgeni ana uwezo wa kuishusha, kuikata, au kuifuta na kuweka ya kinanda. Faili likifika na mngurumo, limechelewa au limepasuka, atakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Likifika safi, sababu hiyo hana. Zamani mpiga besi alitetea nafasi yake kwa vidole. Sasa anaitetea pia kwa namna anavyofunga mzigo.