Kirolirwe kwa L, Kirolirwe kwa R

Ukipanda kutoka Sake kuelekea Kitchanga, unapita Kirolirwe. Ramani nyingine husema Kilolirwe. Wapo pia waandikao Kirorirwe. Mtu wa pwani ataona uzembe hapo, maana kwake kula si kura, wala kalamu haiwi karamu. Huku Masisi, mashariki ya Kongo, ulimi hugonga mara moja tu nyuma ya meno, ukapita.

Kampala wameliwekea jambo hili sheria. Katika Kiganda, baada ya e na i huandikwa r, kwingineko l: tazama soko la Kalerwe. Sasa rudia kusoma Kirolirwe polepole. Ki-ro, kwa r. O-li, kwa l. I-rwe, kwa r. Limekaa sawasawa na kanuni ya Waganda! Tuseme basi jina limetoka Buganda? Upuuzi. Kinyarwanda cha leo kingelijaza r tupu, ingawa Kigali yenyewe imebaki na l yake. Herufi zinaonyesha mkono wa karani, si nyayo za aliyefika kwanza.

Nalishikilia hili kwa sababu Masisi jina husomwa kama hati ya shamba. Kuanzia 1937 Wabelgiji, kupitia mpango wa MIB (Mission d'Immigration des Banyarwanda), walihamishia Wanyarwanda nyanda hizi. Wahamiaji hao walikuwa na utawala wao wa Gishari, uliofutwa 1957. Livue jina hilo kiambishi gi-: inabaki -shari, ambayo sikio langu haliitenganishi na -shali ya Bashali, eneo la Wahunde ulimomegwa utawala huo. Ba- ni ya watu, ki- ya mahali. Na Kinyarwanda hugeuza ki- kuwa gi- mbele ya sh, s au t. Ndiyo maana tuna Gitarama na Gisenyi, ambayo Wajerumani waliiandika Kissenji. Mbele ya r au g, ki- haiguswi: Kirolirwe, Kigali. Kwa hiyo nadhani mgeni alibeba jina la mwenyeji, akalivisha kanzu yake. Mbishi atakujibu kwamba Rwanda nako kuna Gishari, kule Rwamagana. Ni kweli, ipo.

Nami nisijitoe kwa wasomao majina hivyo. Kila nikisikia Walikale, kwa Wanyanga, Kiswahili changu hunong'ona: wali-kale, waliokuwako zamani. Siku nitakapowaeleza wenyewe hivyo, watanipa kiti kwanza, ndipo wanicheke.