Unguja na Bahari Yake Baina ya Madola Makubwa

Husemwa kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Tarikhi ya Unguja katika karne ya kumi na tisa yaonyesha jambo jingine ambalo methali hiyo haikulitaja: nyasi huweza kustawi maadamu fahali hao wanachungana, na zikaliwa siku watakapopatana.

Seyyid Said bin Sultan alitambua kwamba nguvu ya kisiwa chake ilikuwa katika forodha kuliko katika mizinga. Mwaka 1833 alifanya mapatano ya biashara na Marekani, mwaka 1839 na Uingereza, na mwaka 1844 na Ufaransa. Mapatano ya Marekani yaliuwekea ushuru kikomo cha asilimia 5, na wafanya biashara wa mataifa mbalimbali wakawa na balozi zao mjini. Hata merikebu za vita zilitumika kutafuta urafiki. Mwaka 1836 Mfalme wa Uingereza alizawadiwa manowari Liverpool, na mwaka 1840 Sultana ilitia nanga New York ikimchukua mjumbe Ahmad bin Naaman. Kwa njia hiyo wanunuzi wakawa wengi mlangoni, asipatikane mmoja wa kujidai kuwa mwenye nyumba.

Siasa hiyo ilikuwa na nyufa mbili. Kwanza, utajiri wa kisiwa ulitegemea pia biashara ya watumwa, na jambo hilo liliipa manowari ya Kiingereza hoja ya kuingilia kati. Mwaka 1872 tufani iliangamiza merikebu za Seyyid Barghash pamoja na mikarafuu ya Unguja; mwaka uliofuata, akitishiwa kuzingirwa baharini, alitia saini hati ya kulifunga soko la watumwa. Pili, mnamo 1862 Uingereza na Ufaransa ziliahidiana huko Paris kuuheshimu uhuru wa Unguja, lakini Sultani mwenyewe hakuwa mmoja wa waliotia saini. Ngao yake ilishikwa na mikono ya wengine.

Barghash alijitahidi kujenga upya. Aliagiza meli Glasgow, iliyofika mwaka 1878, akanunua na meli nyingine za moshi. Lakini bara bendera yake ilifuata misafara tu, na mwaka 1884 Carl Peters akapata hati za machifu huko. Sultani alipopinga, manowari za Kijerumani zilikuja Agosti 1885 kuelekeza mizinga mjini, na Uingereza ikamshauri akubali. Mwaka 1886 London na Berlin zilimwachia visiwa, miji kadhaa ya kaskazini, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Mwaka 1890 mapatano yakakamilika. Ujerumani iliridhia Unguja iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Ufaransa iliridhia pia, na haki yake juu ya Madagaska ikatambuliwa. Ahadi ya 1862 ililipwa kwa kisiwa cha watu wengine. Tarehe 27 Agosti 1896 Glasgow ilizamishwa bandarini na mizinga ya Kiingereza kwa muda usiotimia saa moja.

Haifai kuihukumu siasa ya Seyyid Said kuwa ni upumbavu, kwani iliilinda dola ndogo kwa zaidi ya nusu karne. Kasoro yake ilikuwa kudhani kwamba ugomvi wa wakubwa ni wa kudumu. Kisiwa kinachoishi kwa ushindani wa wengine hakina budi kujiuliza, mapema na wakati wa neema, kitasimama juu ya nini siku washindani watakapopeana mikono.