Nyundo ya Babu na Meli za Maru

Katika kibanda changu cha ushonaji hapa Nakuru kuna nyundo ndogo yenye mpini mrefu. Naiweka juu ya kitambaa kisiteleze ninapokata. Ilikuwa ya babu. Miaka ya thelathini alikuwa kibarua wa reli: garimoshi likisimama stesheni, yeye hupita akigonga magurudumu moja baada ya jingine, sikio limetegwa. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama chungu kibovu.

Katika msimu, mabehewa mengi aliyoyagonga yalibeba pamba ya Uganda, marobota ya ratili 400 kila moja, yakiteremka Kilindini. Sehemu ya pamba hiyo ilipakiwa kwenye meli za Osaka Shosen Kaisha, kampuni ya Japani iliyofungua njia ya Afrika Mashariki mwaka 1926. Zilikuwa meli za abiria na shehena, majina yao yakiishia na Maru. Pamba ilivuka bahari, ikafumwa viwandani, ikarudi nguo. Babu akaipokea mara mbili: ikishuka ni robota, ikipanda ni jora. Shati lake la harusi lilikuwa la Japani.

Nguo hiyo ilikuwa rahisi, na wenye viwanda wa Uingereza walinung'unika. Lakini mikataba ya bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin mwaka 1885, iliizuia Kenya kuipendelea bidhaa ya Mwingereza kwa ushuru. Kufikia katikati ya miaka ya thelathini, Mjapani ndiye aliyeongoza kutuuzia nguo za pamba.

Biashara ilinoga hata kampuni ikaagiza meli mpya kwa ajili ya njia ya Afrika, zikiwemo Hokoku Maru na Aikoku Maru. Hokoku Maru ilikamilika mwaka 1940, ikiwa na zaidi ya tani 10,000. Mwaka uliofuata biashara ilikatika, jeshi la majini la Japani likazitwaa zote mbili na kuzifunga mizinga.

Zilikuja Afrika kweli, katikati ya mwaka 1942, ila hazikuleta majora. Zilikuja kuzihudumia nyambizi zilizovizia mlango wa bahari wa Msumbiji, na zenyewe zikiwinda. Juni 5 ziliizamisha Elysia, meli ya abiria ya Uingereza. Katika majuma machache nyambizi zile ziliangamiza meli zaidi ya 20. Uingereza ilikuwa imeihofia hatari hiyo mapema. Ndiyo maana ilivamia Madagaska Mei 5, na baadaye vijana wetu wa keya wakapelekwa kupigana huko.

Hokoku Maru ilizama Novemba mwaka huohuo katika Bahari ya Hindi, ikipambana na meli mbili ndogo kuliko yenyewe: Bengal ya India na Ondina, meli ya mafuta ya Uholanzi.

Pigo kubwa kwetu lilikuja Februari 1944. Khedive Ismail, iliyokuwa meli ya abiria ya Misri, iliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kabla dakika mbili hazijatimia. Kati ya watu 1,511, walikufa 1,297. Karibu elfu moja ya waliopanda walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo pia wauguzi wanawake. Siku tano baadaye, ndege za Marekani ziliilipua Aikoku Maru huko Truk, katika Pasifiki.

Babu aliyagonga pia magurudumu ya mabehewa ya askari. Nikiwa mdogo nilimwuliza kama yalilia tofauti na yale ya pamba.

"Hapana, mjukuu wangu," alisema. "Gurudumu halijui limebeba nini. Na mimi nilikuwa nasikiliza chuma tu."