Ankete iliyopita Kongo mwaka wa 1921

Wandugu, wengi wetu tukitoka universite, kazi ya kwanza tunayopata ni kuzunguka na fomu za ankete: shule hii ina walimu wangapi, madawati mangapi, choo ngapi. Tunajaza, tunalipwa, basi. Ripoti yenyewe hatuioni. Leo tuangalie ankete moja ya zamani, juu inagusa namna babu zetu walivyosomeshwa.

Mwaka wa 1911, kule New York, kulianzishwa mfuko wa hisani, Phelps-Stokes Fund, kwa urithi wa mama tajiri Caroline Phelps Stokes. Mfuko huo ulijali elimu ya watu weusi, wa Marekani na wa Afrika. Mkurugenzi wake wa elimu, Thomas Jesse Jones, alikuwa amefundisha Hampton, shule ya Virginia iliyosifika kwa kilimo na kazi za mikono. Mwaka wa 1917 alitoa ripoti kubwa juu ya shule za weusi wa Marekani, akitukuza njia hiyo. W.E.B. Du Bois akaipinga wazi: weusi wanahitaji masomo ya juu pia, na sauti yao wenyewe katika shule zao.

Lakini ni Jones aliyepewa safari. Mwaka wa 1920 mfuko ulituma komisioni Afrika, yeye akiwa kiongozi. Mweusi ndani yake alikuwa mmoja tu, James Aggrey, mwana wa Gold Coast, Ghana ya leo. Walipita Afrika ya Magharibi, wakafika Kongo na Angola, mpaka Afrika ya Kusini. Ripoti ikatoka 1922. Ilisema shule ipatane na maisha ya watu: afya, usafi, kilimo, kazi za mikono, na lugha za wenyeji katika madarasa ya chini.

Tuambiane ukweli, si yote yalikuwa mabaya. Mtoto kuanza kusoma kwa lugha ya mama yake, nani atakataa? Shida ni kwamba kijiji kilifanywa mwisho wa safari, na wazazi wenyewe hawakuwa na nafasi ya kuamua.

Mwaka uleule wa 1922, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Louis Franck, aliunda komisioni yake juu ya shule za Kongo. Programu iliyozaliwa humo, iliyochapwa 1929, ilisema karibu maneno yaleyale: masomo ya msingi, shamba, mikono. Franga za serikali zilienda kwa misioni za Kibeljiki, karibu zote za Kikatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya Vita ya Pili. Sisemi Bruxelles ilinakili New York. Koloni ilikuwa na haja zake: wakulima, wafanyakazi, makarani wachache. Lakini kumbe wataalamu wa ng'ambo walikuwa wamesema vilevile! Mfuko haukuwa na askari wala kodi. Ulikuwa na ripoti, na ripoti iliipa siasa ya koloni sura ya utaalamu.

Angalia sasa Gold Coast. Aggrey alirudi kwao kusaidia kuanzisha shule ya Achimota, iliyofunguliwa rasmi 1927. Nayo ilishika shamba na mikono, lakini haikufunga njia ya juu: mwaka wa 1948 chuo kikuu cha nchi kilianza hapohapo. Kwetu, Lovanium ilingoja 1954, Elisabethville 1956. Uhuru ulipofika 1960, Wakongomani wenye diploma ya universite hawakufika hata 30. Nchi kubwa namna hii!

Njo maana nawaomba, wandugu: mkipewa fomu za kujaza, jazeni, kazi ni kazi. Lakini muulize maswali hayo nani aliyatunga, na ripoti itasomwa na nani. Na siku moja tuandike yetu.