Vidonge vya Limfoma na Maneno Yake: Kutoka Mulago Hadi Nyanda za Njombe

Msafiri atokaye Makambako, ambako reli ya TAZARA na barabara kuu ya Mbeya hukutana na barabara ya Songea, huona baridi ikizidi kadiri apandavyo kwenda Njombe. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Baridi hiyo ina mahali pake katika historia ya limfoma, yaani saratani ya tezi. Katika makala haya nitaeleza jinsi dawa zake zilivyojaribiwa katika Afrika ya Mashariki, kisha niulize kama lugha yetu imetayarishwa kuzipokea.

Mwaka 1957 Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwishoni mwa 1961, yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa motokaa yapata maili 10,000, hata kusini mwa Afrika, wakiuliza habari za uvimbe huo hospitali baada ya hospitali. Waliona kuwa ulikuwa mwingi penye joto na mvua, na haba sana katika nchi za juu. Baadaye wataalamu waliuhusisha mpaka huo na malaria. Basi nyanda kama za Njombe zilikuwa nje ya ukanda wa ugonjwa.

Lakini kinga hiyo haikuwa ya limfoma zote. VVU navyo huongeza hatari ya aina kadhaa za ugonjwa huu, wala havijali baridi. Na uchunguzi wa taifa wa 2016–17 uliukuta mkoa wa Njombe ukiongoza Tanzania Bara, asilimia 11.4 ya watu wazima.

Tukirudi kwenye dawa, twaona kwamba katika miaka ya 1960 Burkitt aliwapa watoto siklofosfamidi na methotreksati, na wengine walipona kwa dozi chache tu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, chini ya Daktari John Ziegler. Hapo ilijulikana kwamba ugonjwa uliorudi mapema ulikuwa mgumu kutibika, bali uliokawia kurudi mara nyingi uliitikia dawa tena.

Jaribio la vidonge tupu lilikuja baadaye. Katika Kenya na Uganda, kuanzia 2001, wagonjwa 49 wenye limfoma pamoja na UKIMWI walipewa dawa nne za kumeza: lomustini, etoposidi, siklofosfamidi na prokabazini. Nia ilikuwa kuwatibu watu mahali pasipo vitanda vya kutosha wala vifaa vya kutilia dawa mshipani. Matokeo yalitolewa 2009: uvimbe ulipungua kwa asilimia 78 ya wagonjwa, na watatu walifariki kwa sababu ya dawa zenyewe.

Hapa ndipo pana kazi yetu sisi watu wa lugha. Dawa ya mshipani husimamiwa na muuguzi; kidonge humezwa nyumbani, na anayemsimamia mgonjwa ni maneno aliyoambiwa. Kutoka Njombe hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni yapata kilomita 700. Neno lililoeleweka vibaya halirekebishwi upesi.

Tuchukue maneno matatu. La kwanza ni *kujaribu*. Mgonjwa akiambiwa, "Tunakujaribu kwa dawa hii," amefanywa yeye kuwa kitu cha kupimwa, na *majaribu* yako karibu mno na *majaribio*. Yafaa isemwe, "Tunaipima dawa hii, nawe una hiari kukataa." La pili ni *nafuu*. Asilimia 78 ile ni ya nafuu, si ya kupona. Anayechanganya mawili haya huenda akaacha vidonge mara uvimbe unapopungua. La tatu ni *kurudi*. "Ugonjwa umerudi" huweza kusikika kama hukumu, ingawa Mulago ilionyesha kwamba muda uliopita kabla ya kurudi una maana kubwa.

Hatuna budi, basi, kuketi na waganga kabla fomu za ridhaa hazijapigwa chapa, wala si baada yake. Ridhaa ya mtu asiyeelewa alichoulizwa si ridhaa.